Tubishe Hodi Kabla ya Kusajili



Saa kumi na moja ya jioni, jua linapoelekea upande wa Sake, ni vigumu kuona mahali patupu katika mji wetu wa Goma. Penye nafasi ya mita ishirini kati ya nyumba na nyumba, juu ya mawe meusi ya volkano, pana watoto na mpira. Wengine wana mpira wa dukani, wengine wana mpira wa matambara na mifuko ya plastiki uliokazwa kwa kamba. Magoti yao yamejaa makovu, maana mawe ya Nyiragongo hayamhurumii aangukaye. Hata hivyo wanaanguka, wanainuka, wanapangusa damu kwa kiganja, na mchezo unaendelea mpaka giza liwatenganishe.

Katika viwanja vya namna hiyo ndipo zilipozaliwa timu nyingi za vijana wa parokia zetu. Tunazipenda timu hizo. Baadhi yetu tulilelewa ndani yake, na baadhi yetu tunazisimamia hadi leo. Kwa sababu tunazipenda, tunaona ni wajibu wetu kusema jambo ambalo limetulemea kwa muda mrefu. Tumezoea kuwasajili watoto bila wazazi wao. Msimu unapokaribia tunatafuta miguu yenye kipaji, lakini nyumba ambamo miguu hiyo inalala hatuijui. Mzazi tunamkumbuka siku mbili tu: siku ya kuchanga pesa za jezi, na siku mtoto wake amevunjika.

Maoni yetu ni haya: klabu ya watoto huanzia mlangoni kwa mzazi, na mlango huo hautatufungukia maadamu tunashika mkononi orodha yenye majina na umri wa uongo.

Mara nyingi tunasikia viongozi wa timu wakilalamika kwamba wazazi wa Goma hawaupendi mpira. Si kweli. Ni wazazi hao hao waliojaza Stade de l'Unité siku ambazo DC Virunga ilikutana na Dauphin Noir, wakarudi nyumbani wamepoteza sauti. Mpira wanaupenda. Wanachokataa ni kumkabidhi mtoto kwa watu wasiowajua, kwa saa wasizozijua, kwa ahadi wasizoweza kuzipima.

Tukikaa nao na kuwasikiliza, sababu zao ni za kueleweka. Yupo mama anayeondoka alfajiri kwenda kuuza, na mtoto wake mkubwa ndiye anayechota maji kwa bidoni na kuwaangalia wadogo. Akimwachia mtoto huyo jioni nzima, nyumba inasimama. Yupo baba aliyemwona kijana wa jirani akiacha masomo kwa ajili ya mpira, na sasa hana masomo wala mpira. Yupo bibi anayewalea wajukuu ambao wazazi wao walikufa, naye anajua kwamba mguu ukivunjika hakuna atakayelipa hospitali ila yeye. Wapo wengi wanaoamini kwamba uwanja ni njia ya kuwa maibobo, kwa kuwa wamewaona watoto wakianza kwa kuchelewa kurudi jioni na kuishia kulala Birere. Na tangu vita ilipoingia mjini mwetu mwishoni mwa Januari 2025, hakuna mzazi asiyetaka kujua mtoto wake yuko wapi kabla ya jua kuzama. Benki zilipofunga milango na kazi zikapotea, hata franka chache za mchango wa timu zimekuwa mlo wa siku.

Basi mzazi anapokataa, tusiseme kwamba ni mjinga wa michezo. Anatuuliza swali ambalo hatujamjibu: ninyi ni nani, hata niwaachie mtoto wangu?

Afadhali tuanze na kosa letu wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2024 baadhi yetu tulisimamia timu ya watoto wasiozidi miaka 13. Tulikuwa na kijana mmoja wa mguu wa kushoto, mwepesi, mwenye macho ya kuona pasi kabla ya wengine. Alikuwa na miaka 15. Kwa kuwa alikulia katika njaa ya ukimbizi, kimo chake kilikuwa kidogo, na mtu asiyemjua angeweza kudanganyika. Tukaandika kwamba alizaliwa mwaka 2011. Tukamkaririsha tarehe mpya mpaka akaijua kama anavyojua Baba Yetu. Tulishinda mashindano yale, tukapewa kikombe na mipira miwili, tukapiga picha.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa ya pili, mama yake akaja kututafuta. Alikuwa muuza sambaza katika soko la Kituku. Hakupaza sauti. Alituambia hivi: “Viongozi, mtoto huyu nilimzaa njiani mwaka 2008, tukikimbia vita ya Rutshuru. Vyombo viliachwa, nguo ziliachwa. Siku aliyozaliwa ndiyo kitu nilichotoka nacho. Ninyi mmeifuta kwa kalamu.”

Mmoja wetu alijaribu kumweleza kwamba timu zote hufanya hivyo. Mama akamtazama, akauliza: “Na Kanisa pia?”

Hatukuwa na jibu. Mama yule alimtoa mwanawe katika timu, pamoja na mdogo wake aliyekuwa ameanza mazoezi. Habari ikaenea katika shirika lao, na kabla ya mwezi kwisha familia nyingine nne zilikuwa zimewaondoa watoto wao. Tulikuwa tumepata kikombe na kupoteza mtaa mzima. Miezi mingi baadaye tukatambua hasara nyingine. Ili kijana yule wa miaka 15 acheze, mtoto wa miaka 12 alikaa benchi msimu wote. Alikuwa akifika mapema kuliko wote, anabeba maji ya wenzake, anarudi nyumbani na jezi safi. Alikuja kuacha bila kuaga, na hakuna kati yetu aliyekwenda kumuuliza kwa nini.

Wapendwa vijana, uongo wa umri unaitwa ujanja katika viwanja vyetu. Tuutazame kwa upande wa mchezo wenyewe kwanza, kabla hatujafika kwenye dhamiri.

Kumlea mchezaji ni kazi ya hatua kwa hatua. Kati ya miaka 8 na 12 mtoto hujifunza kuuzoea mpira: kuupokea, kuutuliza, kuinua kichwa, kumpita mwenzake, kutoa pasi kwa mguu wowote. Kwa watoto wa umri huo makocha wenye ujuzi hupunguza uwanja, hupunguza idadi ya wachezaji, na hutumia mpira mdogo wa namba 4, ili kila mtoto auguse mpira mara nyingi. Mkiwacheza watano kwa watano juu ya kipande kidogo cha ardhi, hakuna pa kujificha. Kila mmoja atalazimika kuamua, kukosea na kujaribu tena. Mkiwaweka kumi na mmoja kwa kumi na mmoja katika uwanja wa watu wazima, mtoto mdogo atakimbia jioni nzima akiufuata mpira asioufikia. Nasi hapa Goma tuna mwalimu wa ziada, ambaye ni ardhi yetu. Juu ya mawe ya volkano mpira hudunda usivyotarajia, na mtoto aliyejifunza kuutuliza hapo ataweza kuutuliza popote, mradi tumempa nafasi ya kuugusa.

Sasa, tukimwingiza kijana wa miaka 15 kati ya watoto wa miaka 12, hakuna anayejifunza. Yule mkubwa anashinda kwa nguvu na mbio, na kwa hiyo haoni haja ya ufundi. Siku atakapokutana na wenzake wa kweli atajikuta mtupu. Wale wadogo wanajifunza kumpigia yeye mpira na kusimama. Mashindano tumeshinda, lakini wachezaji hatukulea.

Na ukweli haufichiki milele. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Shirikisho la Kameruni, chini ya Samuel Eto'o, liliwapima mifupa ya mkono wachezaji 30 waliokuwa wakijiandaa na mashindano ya vijana wasiozidi miaka 17. Wachezaji 21 hawakufuzu kipimo hicho, wakaondolewa. Hebu tuwaze nyumba 21 zilizokuwa zimeshangilia, na siku moja kijana akarudi na mkoba wake bila kujua la kuwaambia majirani.

Upo pia mfano wa nchi yetu wenyewe. Katika ligi ya Ujerumani mashabiki wa Stuttgart walimjua mshambuliaji mmoja Mkongomani kwa jina la Silas Wamangituka. Mnamo Juni 2021 klabu yake ilitangaza kwamba jina lake la kweli ni Silas Katompa Mvumpa, na kwamba amezaliwa mwaka mmoja kabla ya ule uliokuwa kwenye karatasi zake. Kwa maelezo yaliyotolewa wakati ule, alipokuwa kijana mgeni Ulaya alijikuta mikononi mwa wakala aliyembadilishia jina na mwaka wa kuzaliwa, na kwa njia hiyo akamfunga amtegemee yeye. Silas mwenyewe ndiye aliyeamua kusema ukweli. Alifungiwa miezi mitatu na kutozwa faini ya yuro 30,000, kisha akarudi uwanjani kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Kisa hicho kinatufundisha jambo ambalo kila mzazi wa Goma angelielewa mara moja. Anayekubadilishia jina anapata kamba ya kukushika, kwa maana ajuaye siri yako anaweza kukutawala kwa siri hiyo. Tulipomkaririsha yule mtoto tarehe ya uongo, tulikuwa tunamwandalia kamba ya namna hiyo, ingawa hatukuwa na nia mbaya.

Sheria za mpira nazo zinamlinda mwenye karatasi za kweli. Kanuni za FIFA hukataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kwa hiyo mtu ajaye mtaani kwetu na kuahidi kumpeleka Ulaya mtoto wa miaka 14, akidai pesa za safari, mzazi ana haki ya kumfungia mlango. Tena, mchezaji wa kulipwa anapohamishwa kati ya mataifa mkataba wake ukiendelea, asilimia 5 ya malipo hugawiwa klabu zilizosajiliwa zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu iliyoandika jina la uongo na mwaka wa uongo itawezaje kuthibitisha kwamba ilimlea? Lakini mambo haya tusiwaeleze wazazi kama chambo. Tuwaambie wazi kwamba wengi wa watoto wetu hawatakuwa wachezaji wa kulipwa kamwe. Watakuwa walimu, mafundi, wauguzi, wafanyabiashara, akina baba na akina mama. Timu iwafae na hao pia.

Sasa tufike kwenye dhamiri. Mji wetu umepewa shahidi wake. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa Goma mwaka 1981. Alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, akitumia muda wake kuwahudumia watoto wa mitaani, wale wale tunaowaita maibobo. Katika kazi yake ya kukagua bidhaa mpakani, alikataa pesa alizopewa ili aruhusu mchele ulioharibika uingie na kuuzwa kwa watu. Julai 2007 alitekwa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, mjini Roma. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 2 Februari 2023, Baba Mtakatifu Fransisko alikutana na vijana wa nchi yetu katika uwanja wa mpira wa Martyrs, mjini Kinshasa. Aliwafundisha kwa vidole vya mkono, na kidole cha kati akakipa uaminifu. Na alipotaka kuwaonyesha kijana aliyekataa rushwa, alimtaja Floribert wa Goma.

Mtasema: mchele mbovu ungeua watu, lakini tarehe ya uongo kwenye orodha ya timu haimwui mtu. Ni kweli kwamba mambo hayo mawili hayalingani kwa uzito. Lakini tujiulize, Floribert alijifunzia wapi kusema hapana? Hakujifunza siku ile mpakani. Siku ile ilimkuta akiwa amekwisha kujifunza. Yule mtoto tunayemfundisha leo kutamka mwaka wa uongo mbele ya mwamuzi, siku moja atakuwa ameketi nyuma ya meza ya ofisi, mbele yake karatasi na bahasha. Atafanya kile alichokizoea, na huenda akakumbuka kwamba alikizoea katika timu ya parokia.

Tunajua pingamizi mbili ambazo viongozi wa timu watatuletea, nazo ni za haki.

Ya kwanza: watoto wengi hawana vyeti. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inataka kuzaliwa kuandikishwe ndani ya siku 90, bila malipo. Lakini mama anayejifungua njiani akikimbia risasi hana ofisi ya kwenda, na nyumba iliyofunikwa na lava haibakizi karatasi. Hata hivyo sisi watu wa parokia tuna kitu ambacho timu nyingine hazina. Tuna daftari la ubatizo. Tuna shule zetu na madaftari yake. Tuna shirika, ambamo majirani wanajua nani alizaliwa mwaka gani, kabla au baada ya volkano ya 2002, kabla au baada ya vita fulani. Tukikaa na mama, na mkuu wa shirika, na mwalimu, tutaukaribia ukweli. Na pale tunaposhindwa kuujua mwaka, kanuni yetu iwe moja: mtoto acheze na kundi la wakubwa. Kisha tumsaidie mzazi kutafuta hukumu ya mahakama inayosimama badala ya cheti, kwa kuwa karatasi hiyo itamfaa mtoto katika mitihani na katika maisha, hata kama hatapiga mpira tena.

Pingamizi la pili: tukisema ukweli peke yetu, tutashindwa kila mchezo. Hatutawadanganya. Katika misimu ya kwanza tutashindwa sana. Lakini tukumbuke tarehe 7 Februari 2024 kule Abidjan, katika nusu fainali ya Kombe la Afrika. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wa timu yetu ya taifa walifunika midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaweka vidole viwili kwenye kipaji kama bunduki, ili dunia ijue mauaji ya Mashariki na kimya kinachoyazunguka. Jioni ile Kongo ilifungwa na Kodivaa bao 1 kwa 0. Tunaposimulia mchezo ule hapa Goma, hatuanzi na bao. Tunaanza na ile mikono. Watu wetu wanajua kuheshimu timu iliyoshindwa ikiwa imesema kweli.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza mambo machache ambayo hayahitaji mfadhili.

Kabla ya jina la mtoto kuingia kwenye orodha, viongozi wawili, na mmoja wao awe mama, waende nyumbani kwake. Wabishe hodi, wakae, wasikilize kwanza. Waulize mtoto ana kazi gani nyumbani, anasoma wapi, anarudi saa ngapi, ana ugonjwa gani. Kisha waeleze siku za mazoezi, mahali, saa ya kumaliza, na nani atawasindikiza wadogo. Yaandikwe kwenye karatasi moja kwa Kiswahili chepesi, nayo isomwe kwa sauti kwa mzazi asiyesoma. Mzazi atie sahihi au dole gumba, na kiongozi atie yake.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Wasalesiani wanaowalea watoto katika kituo cha Ngangi hapa kwetu ni wana wa Mtakatifu Yohane Bosco. Tunapenda kukumbuka jinsi Don Bosco alivyocheza na vijana maskini wa Torino. Tunasahau kwamba aliwatembelea pia makazini mwao na kuwaandikia mikataba. Upo mkataba wa Februari 1852 wa kijana aliyekuwa akijifunza useremala. Humo wamo fundi, kijana, Don Bosco, na baba mzazi wa kijana. Hata mtakatifu hakumruka mzazi.

Kuhusu majeraha, tuanzishe kisanduku cha timu kama mama zetu wanavyoendesha likelemba: kila familia itoe kidogo inachoweza, na asiyeweza asiaibishwe. Ufunguo ukae kwa mama mmoja aliyechaguliwa na wazazi, na hesabu isomwe mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu. Kiongozi asibaki peke yake na mtoto mahali pa siri, wala asimwalike nyumbani kwake. Mzazi akiijua kanuni hii mapema, atalala usingizi. Kwa wasichana, ambao wengi wana kipaji na wachache wana ruhusa, mazoezi yawe Jumamosi asubuhi, kiongozi mwanamke awepo, na saa zichaguliwe na mama zao. Anayeshuka darasani kwa ajili ya mpira tumpunguzie mazoezi na kumtafutia mwenzake wa kumsaidia masomo. Tusimfukuze, kwa maana akifukuzwa uwanjani atakwenda mahali pabaya zaidi. Na katika timu za wadogo, kila mtoto aliyefika mazoezini acheze Jumapili, angalau nusu ya mchezo.

Hapa tunagusa neno zito kuliko yote. Katika mkoa wetu wapo watu wengine pia wanaowatafuta vijana wenye miguu myepesi. Makundi yenye silaha yamewachukua watoto wa Kivu kwa miaka mingi, mashambani, njiani, wakitoka shuleni. Hayabishi hodi. Hayamuulizi mama. Huwapa watoto majina mapya, na umri wa mtoto kwao si kitu. Timu zetu ni tofauti nayo kabisa kwa nia, wala hatutaki mtu afikiri vinginevyo. Lakini mtoto aliyezoea kuchukuliwa bila mzazi wake kuulizwa, kupewa mwaka mpya na kuambiwa anyamaze, amezoeshwa njia ambayo mwingine anaweza kuitumia. Tuwazoeze watoto wetu njia nyingine: kwamba mtu mwema hupitia mlangoni, hutaja jina lake, na humwita mtoto kwa jina alilobatizwa nalo.

Mama yule wa Kituku tulikwenda kumwomba msamaha, tukiwa tumechelewa sana. Alitukaribisha, akatupa viti, akatusikiliza. Mwanawe mkubwa hakurudi kwetu, na hatuna haki ya kulalamika. Lakini tulipoinuka kuondoka alimwita yule mdogo, akamsimamisha mbele yetu, akatutajia siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa kwake, polepole, akingoja mpaka mmoja wetu alipomaliza kuandika. Kisha akatuuliza mazoezi yanakwisha saa ngapi.

Msimu mpya u karibu. Orodha zetu bado ni tupu. Kabla kalamu haijagusa karatasi, twendeni kwanza milangoni.

Maswali ya kutafakari katika kundi

1. Katika timu yetu, ni wazazi wangapi tunaowajua kwa majina, na nyumba ngapi tumekwisha kuzitembelea bila kuomba mchango?

2. Je, yupo mtoto ambaye tarehe yake tumeibadilisha? Tutaanzaje kuirekebisha pamoja naye na wazazi wake, bila kumwaibisha?

3. Ni mtoto gani aliyeacha timu bila kuaga, ambaye tungeweza kumtembelea wiki hii?